Machela ya Alhamisi

Kornelia hakuwa mtu mpole. Naanza na hilo kwa sababu siku hizi ukifika Tlawi ukamtaja, utaambiwa alikuwa mama wa huruma, mama wa watu wote, na wanaosema hivyo wengi hawakuwahi kufokewa naye. Mama yangu Benedikta alifokewa naye kila wiki kwa miaka mingi. Alisema Kornelia alikuwa na sauti ya kumwita ng'ombe aliye ng'ambo ya bonde, na sauti hiyohiyo ndiyo aliyoitumia kumwambia mtu aliyekaa naye bega kwa bega kwamba kitambaa chake kimedariziwa ovyo.

Alikuwa mjane mwenye mabega mapana, na shamba lake la mahindi na maharage lilikuwa mteremkoni, juu ya njia iendayo Mbulu. Mtoto wake alikuwa mmoja tu, Alfredi, na huyo alifanya kazi kwenye mashamba ya kahawa ya Wazungu kule Oldeani, akirudi nyumbani Krismasi kwa Krismasi. Mkewe Alfredi, Imakulata, aliishi na mama mkwe wake. Walipatana. Watu walishangaa kwamba walipatana, kwa sababu hakuna aliyedhani Kornelia anaweza kupatana na mtu chini ya paa moja. Lakini Imakulata alikuwa na dawa yake: akifokewa, alicheka, na Kornelia hakuwa na la kumfanya mtu anayecheka.

Miaka ile baada ya vita vya Hitla, Serikali ilikuwa ikituma kina mama wa Kizungu kuwafundisha wanawake wetu kufuma sweta, kuchemsha sabuni na kuogesha watoto, kana kwamba watoto wa Tlawi hawakuwahi kuoga tangu dunia iumbwe. Wa kwetu aliitwa Bibi Maendeleo. Alikuwa na jina lake, bila shaka, ila hakuna aliyelishika. Alikuja na Landrova mara moja kwa mwezi, barabara ikikubali, akaanzisha klabu ya kina mama. Siku ya mkutano ilikuwa Alhamisi, na mahali ni banda la Nicodemo, katekista, ambalo lilikuwa na kuta za nusu, paa la nyasi na ua wa minyaa kuzunguka.

Bibi Maendeleo alianzisha sweta tu. Mengine yote aliyaanzisha Kornelia. Alhamisi moja aliweka sindano zake chini, akasema, "Sweta haichoti maji. Kuna bibi pale juu hana kuni wiki nzima, na sisi tumekaa hapa tunahesabu mafundo." Akainuka, na kwa kuwa sauti ilikuwa ile, wote wakainuka. Tangu siku hiyo walifuma asubuhi kidogo, kisha wakaondoka pamoja kwenda kwenye nyumba moja yenye shida. Walitoa samadi kwa mjane aliyeshindwa kuitoa, wakakandika ukuta wa mzee, wakapalilia shamba la mgonjwa. Bibi Maendeleo alipoona hayo aliandika kwa wakubwa wake kwamba ameleta moyo wa kusaidiana katika milima ya Mbulu. Haya basi, aliuleta yeye.

Kornelia alikuwa na amri zake. Mkutano haukuanza mpaka kila aliye mdogo kwake awe amempa shikamoo, mmoja mmoja, na kwa sauti ya kusikika. Aliyemung'unya alirudishwa mlangoni aanze upya. Na aliyechelewa alitozwa faini ya mzigo wa kuni, si vijiti vya kuwashia, mzigo wa kichwa kizima, na kuni hizo zilipelekwa kwa mwenye shida wa wiki ile. Hakukuwa na kisingizio. Mama alichelewa Alhamisi iliyofuata kuzaliwa kwangu, akaleta kuni na mtoto pamoja.

Halafu ikaja machela. Bibi Maendeleo aliwapa turubai la hema kuukuu, Kornelia akakata miti miwili mizuri, akaichonga na kuipaka mafuta mpaka ikateleza mkononi, na wanawake wakashona turubai kwa uzi wa ngozi. Wanaume walicheka. Walisema hawajaona wanawake wakibeba mtu mzima isipokuwa maiti. Kisha mmoja wao akaumwa na nyoka wakati wa kupalilia, na wanawake wanne wakambeba hadi hospitali ya Mbulu, wengine nyuma wakipokezana, wakiimba njia nzima ili miguu isilegee. Alirudi kwa miguu yake. Kuanzia hapo hakuna aliyecheka. Machela ilining'inia kwenye boriti za banda, na chini yake palikuwa na kitambaa cheupe ambacho Kornelia mwenyewe alikidarizi kwa uzi mwekundu: *Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki*.

Sasa lazima nieleze jambo letu moja, na naomba msomaji wa mbali asicheke. Mtoto anayenyonya akifa, nyumba hutengwa. Kwetu huitwa metimani. Watu wa nyumba ile hawaingii kwa watu, na watu hawaingii kwao. Hawateki maji kwenye chemchemi ya wote, ng'ombe wao hawachungwi na wa wengine, hakuna anayekwenda kwao kuomba kaa la moto. Chombo kilichoingia mle hakirudi kilikotoka. Hata salamu hukatwa, mpaka wazee waje waondoe marufuku, na wazee hawana haraka. Waliamini kifo cha namna hiyo hakishibi, na kikipata njia kitamfuata mtoto mwingine. Watoto walikufa wengi miaka ile. Mtu aliyezika wawili hafanyi majaribio na wa tatu.

Katika mwaka wa pili wa klabu, msichana mmoja aliyeolewa karibuni, Konsolata, alifiwa na mtoto wake wa kwanza, na nyumba yake ikatengwa. Mvua za masika zilikuwa karibu na ukuta wake wa upande wa juu ulikuwa umeanza kupasuka. Kornelia alisema mkutanoni, "Wiki ijayo tunakwenda kwa Konsolata kukandika." Wiki iliyofuata alifika bandani akakuta viti vitupu. Waume walikuwa wamekataza. Alikaa peke yake na uzi wake, Alhamisi hiyo, na nyingine, na nyingine tena, akifuma sweta moja ambayo mama alisema haikufaa mtu yeyote kwa jinsi mikono ilivyokuwa mirefu.

Mwishowe alikwenda kwa wazee. Hakutumwa na mtu. Aliwaambia, "Nirudishieni wanawake wangu. Alhamisi haitavuka mpaka wa nyumba iliyotengwa. Si mtu, si kibuyu, si machela. Wengine wote tutawasaidia, isipokuwa hao." Wazee walifurahi sana. Walisema huyu mjane ana akili ya mwanamume, nayo ndiyo sifa kubwa kuliko zote walizokuwa nazo ghalani kwa ajili ya mwanamke.

Wanawake wakarudi, na Kornelia, ambaye hakujua kufanya jambo nusu, aliitia sheria ile kwenye ufunguzi wa mkutano. Baada ya sala ya Nicodemo alisimama mbele na kuuliza, "Alhamisi huenda wapi?" Wote wakaitikia, "Kwa mwenye shida." "Haiendi wapi?" "Palipotengwa." Kisha wakakaa wakafuma.

Ukuta wa Konsolata ulianguka katikati ya masika. Yeye na mumewe waliinua mwingine wawili tu, mvua ikiwanyea, na watu wakipita njiani macho yakitazama mbele. Kornelia naye alipita. Alipenda klabu yake kuliko alivyompenda Konsolata, na sioni ajabu katika hilo. Watu wengi hupenda kazi yao ya huruma kuliko mtu anayehitaji kuhurumiwa. Marufuku ilipoondolewa Konsolata hakujiunga na klabu. Alizaa tena, akalima, na akikutana na Kornelia alimpa shikamoo yake kama inavyotakiwa, wala hakuongeza neno.

Miaka ikapita. Imakulata, baada ya kungoja sana, alizaa mtoto wa kike. Wanaomkumbuka Kornelia wa miezi ile wanasema sauti ilishuka. Alikuja klabuni na mjukuu mgongoni, akimtingisha huku anafoka, na kufoka kwenyewe kulikuwa kwa kunong'ona asije akamwamsha. Masika yalipoanza mtoto alishikwa na kifua. Alikufa mapema asubuhi moja akiwa kwenye ziwa la mama yake, na kabla jua halijapanda juu ya kilima wazee walikuwa wamekwisha kupitisha neno: nyumba ya Kornelia imetengwa.

Hakulalamika. Alijifunga ndani pamoja na mkwewe na ng'ombe wao wachache, akawa anateka maji ya mvua kwenye shimo alilolichimba nyuma ya nyumba. Alhamisi ilipofika, mama yangu alikaa kwenye kiti cha mwenyekiti, akauliza huenda wapi na haiendi wapi, na wakamwitikia. Watu wa Tlawi walikuwa na methali tayari: mchimba kisima huingia mwenyewe. Waliisema chemchemini, waliisema shambani, na kila aliyeisema alionekana kuridhika, kama mtu aliyelipwa. Naichukia methali ile hadi leo.

Lakini maziwa ya Imakulata hayakujua kwamba mtoto amekufa. Yaliendelea kuja, na hakukuwa na wa kuyanyonya. Kornelia aliyakamua kwa mkono, akamkanda kwa maji ya moto, akamfunga majani aliyoyajua. Mahali pengine angeomba mtoto wa jirani aazimwe anyonye kidogo, mama apumue. Nani angemleta mtoto wake katika nyumba ile? Ziwa la kushoto likawa gumu, likawa jekundu, likaanza kung'aa. Homa ikapanda. Siku Imakulata alipoanza kumwita Kornelia kwa jina la mama yake aliyemzaa, aliyekufa zamani, Kornelia alijua kwamba majani yamekwisha kazi yake. Ilitakiwa hospitali, ilitakiwa kisu cha daktari, na ilitakiwa upesi. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Aliteremka mpaka bandani. Alisimama njiani, nje ya ua wa minyaa, mbali kuliko hata sheria ilivyotaka, kwa sababu hakuna aliyeijua sheria ile kuliko yeye. Ndani, mkutano ulikuwa unafunguliwa.

"Alhamisi huenda wapi?" mama aliuliza.

"Kwa mwenye shida."

"Haiendi wapi?"

Hapo waliokaa kuelekea njia walimwona, na vinywa vikafungwa. Natalia peke yake, aliyekuwa ameipa njia mgongo, aliitikia kwa sauti nzuri ya kanisani, "Palipotengwa."

Kornelia aliita, "Benedikta!"

Mama alisimama. Nilikuwa mgongoni mwake, ndivyo alivyoniambia. Wengi wao walikuwa na watoto mgongoni.

"Sikuombi uje kwangu," Kornelia alisema. "Imakulata anaungua. Ziwa limevimba, linataka kupasuka. Nipeni machela. Nipeni machela na watu wawili tu washike nyuma. Mbele nitashika mwenyewe."

"Mama Alfredi," mama alisema, "kuna sheria."

"Naijua. Niliitunga mimi."

"Basi unajua."

"Niliitunga vibaya!" Kornelia alipaza sauti. "Mnanisikia? Niliitunga vibaya. Nipeni machela."

Nicodemo alitoka nje ya banda, rozari yake mkononi. Alikuwa mtu mwema, na alisema kama mtu mwema. "Mama Alfredi, mimi kama mimi siamini mambo haya. Padri ametufundisha kwamba ni giza. Lakini nina ng'ombe, mama, na ng'ombe wangu wanachungwa pamoja na wa wenzangu."

"Wewe sikukuomba mabega, Nicodemo. Itupe machela hapa njiani. Sitairudisha."

"Na mgonjwa mwingine tutambeba na nini?" akauliza mwanamke mmoja kutoka ndani, na swali lilikuwa la haki. Hilo ndilo linalonikera ninapoifikiria asubuhi ile. Hakuna aliyesema neno la kijinga, na hakuna aliyemtukana. Kila mmoja alikuwa na sababu, na sababu zote zilikuwa za maana, na Imakulata alikuwa anaungua.

Mama aliniambia hivi, miaka mingi baadaye, akiwa mgonjwa yeye mwenyewe na sisi wanawe tunapokezana kumgeuza kitandani: "Niliangalia machela. Ilikuwa juu ya kichwa changu, ningeinua mkono tu. Halafu ulikohoa. Ukakohoa mara moja, kikohozi cha kawaida cha mtoto, nikaona mkono hauinuki." Kisha akanitazama kama anayetaka nimjibu. Nimjibu nini? Nilikuwa mtoto wa miezi, na nilikohoa.

Kornelia alingoja. Alitazama ndani ya banda, wakamwona anasoma kitambaa chake mwenyewe chenye uzi mwekundu, ingawa hakuwa msomaji mwepesi. Kisha akageuka akapanda mlima. Wale wa ndani wakakaa. Wakafuma. Baadaye walikwenda, kama desturi, kwa mwenye shida wa wiki ile, mama mkwe wa Natalia, wakampalilia maharage yake kwa sababu alikuwa na mafua.

Mvua ilikuwa imenyesha na njia ya Mbulu ilikuwa tope jekundu. Kornelia alimfunga Imakulata mgongoni kwa shuka mbili, jinsi mtoto anavyofungwa, miguu ikining'inia na kichwa kikilala begani, akachukua fimbo, akaanza kuteremka. Hakuwa kijana tena. Alikwenda akikaa, akiinuka, akikaa. Waliokuwa mashambani walimwona na wakainamia majembe yao.

Njia inapita mbele ya nyumba ya Konsolata. Konsolata alitoka mlangoni, mtoto wake mdogo akamfuata akishika sketi. Alimsukuma mtoto ndani, akafunga mlango kwa nje, akaingia njiani mbele ya Kornelia akiwa na kibuyu cha maziwa. Alikiweka chini, katikati ya njia, akarudi nyuma hatua kadhaa.

"Mpe anywe," alisema. "Usikirudishe."

Kornelia alijua maana ya neno hilo. Kibuyu kile kilikuwa kizuri, kimefukizwa moshi wa mti mzuri, na kilikuwa kimekwisha kutoka katika nyumba ya Konsolata moja kwa moja. Alitaka kusema kitu. Konsolata alikuwa amegeuka na kuingia ndani.

Imakulata alikunywa kidogo, mengi yakamwagika shingoni mwa Kornelia. Walifika kwenye kijito kilicho chini kabisa, pale njia inapoanza kupanda tena, na maji yalikuwa yamejaa. Kornelia alimfungua ili apumzike kabla ya kuvuka. Alimlaza kwenye nyasi. Imakulata alifumbua macho, akamtambua, akatabasamu kama alivyozoea kila alipofokewa, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa amemfokea, Kornelia alianza kumfokea kweli. Alimwambia asithubutu. Alimwambia Alfredi atarudi Krismasi akute nini. Aliendelea kumfokea kwa muda baada ya Imakulata kufa, kwa sababu hakutaka kunyamaza awe wa kwanza kukubali.

Aliyemkuta pale alikuwa Zubery, Mwislamu wa Dongobesh, mnunuzi wa ngozi, aliyekuwa anapita na punda wake wawili. Alishuka njiani akavua kofia.

"Pole sana, mama. Huyu nani wako?"

"Mwanangu."

"Umembeba peke yako? Majirani hamna?"

"Tunao," Kornelia alisema. "Leo Alhamisi. Wana kazi."

Zubery alitoa ngozi zake mgongoni mwa punda, akaziacha kando ya kijito kwa yeyote atakayeziokota, akamlaza Imakulata juu ya punda na kumrudisha Tlawi. Yeye na Kornelia ndio waliochimba kaburi. Watu walisimama juu ya kilima wakatazama. Nicodemo alisoma sala kutoka huko juu, kwa sauti kubwa, ili zifike.

Alfredi alipata habari, akaja, akakaa nje ya nyumba ya mama yake asubuhi moja, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Sheria hiyo uliitunga wewe?" Mama yake akasema ndiyo. Alfredi alirudi Oldeani, na Krismasi ile hakuja, wala zilizofuata.

Mwaka ule Malkia alitawazwa, na Bibi Maendeleo alikuja na vikombe vyenye picha yake kuwazawadia kina mama wa klabu bora kuliko zote wilayani. Klabu bora ilikuwa ya Tlawi. Alisimama chini ya machela, akaigusa miti yake, akasema kwa Kiswahili chake cha Boma kwamba hii ndiyo alama ya upendo wa jirani. Akauliza Mama Kornelia yuko wapi. Wakamwambia anaumwa. Akasema asalimiwe sana, na kikombe chake kiwekwe. Kilikaa bandani miezi yote ile, kwa sababu hakuna aliyeweza kukipeleka, mpaka panya walipokiangusha.

Wazee waliondoa marufuku baada ya mavuno ya mwaka uliofuata. Walikuja wakafanya yao, wakachinja kondoo, wakazima moto wa zamani uliokuwa jikoni na kuwasha mpya, na nyumba ya Kornelia ikawa nyumba kama nyingine. Neno lilitangazwa siku ya Jumatano. Alhamisi asubuhi mama yangu alisema mkutanoni, "Leo tunakwenda kwa Mama Alfredi," na wote wakasema ndiyo kwa furaha, furaha ya kweli, naamini. Walikuwa wamemkosa. Walikata kuni, kila mmoja mzigo wake, wakapanda mlima mstari mmoja wakiimba wimbo wa machela.

Kornelia alitoka akasimama mlangoni. Alikuwa amepungua, mabega tu ndiyo yaliyobaki. Wakampa shikamoo, mmoja mmoja, kwa sauti ya kusikika. Hakuitikia hata moja. Aliwaacha wamalize mstari wote.

"Nani anaumwa hapa?" akauliza.

Wakatazamana. "Hakuna, Mama Alfredi," mama alisema. "Tumekuja kukusaidia."

"Alikuwepo mgonjwa. Mmechelewa."

Mizigo ilikuwa bado vichwani. Shingo zilianza kuuma, lakini hakuna aliyethubutu kuutua mzigo wake.

"Anayechelewa analeta nini?" Kornelia aliuliza. Akauliza tena, na safari hii ilikuwa sauti yake ya zamani, ya ng'ambo ya bonde, hata mbwa waliamka. "Nimesema, anayechelewa analeta nini?"

"Kuni," mama alisema.

"Wekeni hapo. Faini mmelipa. Nendeni."

Wakaweka. Rundo likafika usawa wa kiuno. Wakateremka bila wimbo, na wengine walikuwa wanalia, na Natalia alikuwa ameudhika. Mama alibaki nyuma kwenye kona ya njia, kwa hiyo aliona yaliyofuata. Kornelia alilizunguka rundo, akalipekua kama mtu anayechagua ndama, akavuta mzigo mkubwa kuliko yote, akaufunga upya kwa kamba yake mwenyewe. Alishindwa kuuinua mara ya kwanza. Akapiga goti, akajitwika kichwani, akasimama, akashika njia ya Mbulu.

Konsolata alikuwa nje ya nyumba yake akipepeta maharage. Kornelia alifika mbele yake akasimama na mzigo kichwani, akihema, jasho likimwingia machoni.

"Nini hiki?" Konsolata aliuliza.

"Faini."

Konsolata alishusha ungo. Alitazama ule mzigo, kisha akageuza kichwa akatazama ukuta wa juu wa nyumba yake, ule waliouinua wawili kwenye mvua, ambao ulikuwa umepinda tangu siku hiyo na haukuwahi kunyooka.

"Weka pale," alisema, "chini ya ukuta."

Akaokota ungo wake akaendelea kupepeta. Shikamoo hakumpa, na Kornelia hakuidai.